Bidingi ya Mlango wa Kushoto

Kabla sijawaambia lolote, vijana, nendeni mkapapase gari. Sisemi haya ya siku hizi, ambayo mapambo yake ni plastiki iliyobandikwa kwa gundi na ukiyaosha kwa bidii unabaki nayo mkononi. Tafuteni gari kuukuu, lenye macho ya mviringo na pua ndefu, mpitishe kidole chini ya madirisha yake, polepole. Kidole kikipanda juu ya mstari wa chuma baridi unaoteleza, simameni hapo hapo. Mnagusa maisha yangu. Mstari huo sisi mafundi tunauita bidingi. Nimezing'oa na kuzirudisha miaka ishirini na sita, na hadi leo nikiona moja inametameta juani nacheka peke yangu barabarani kama mtu aliyemwona mchumba wake.

Injini sijui. Mtu akiniuliza kwa nini gari lake linatoa moshi mweusi namwambia labda limekasirika. Lakini nipe bampa, vishikio vya milango, nembo, vifuniko vya magurudumu, mikanda ya kioo cha mbele: nitavivua vyote bila kukwaruza rangi, na nitavirudisha udhani havijawahi kutoka. Kazi hiyo nimeifanya Kitale, Eldoret, Nakuru na mwaka mmoja wa jasho kule Mombasa, kwa sababu miguu yangu haikuwahi kutulia. Mke wangu husema aliolewa na begi. Mwaka jana magoti yakagoma. Kazi yetu hufanywa ukiwa umechuchumaa, na magoti hayaulizi kitambulisho kina miaka mingapi. Nina arobaini na minane na tayari ni mstaafu! Nimerudi nyumbani Kakamega, naota jua, nawaandikia ninyi.

Haya. Jambo la kwanza, usivute. Kila mwanafunzi huvuta. Mimi nilivuta siku yangu ya kwanza, kwenye banda la Fundi Zablon pale Lubao. Zablon alikuwa mtu mnene mwenye vidole vyembamba vya mshona nguo, na ulimi uliochomoza kuliko bampa. Nilikuwa nimetoka shule ya upili na cheti changu nimekikunja mfukoni. Akanipa gari, akaniambia nitoe nembo ya nyuma. Nikaingiza bisibisi, nikavuta. Herufi mbili zikavunjika miguu zikaruka hadi kwa mama aliyekuwa akiuza mbuzi ng'ambo ya barabara.

"Wewe Fomu Foo," akasema Zablon, na jina hilo likanishika tangu siku hiyo. "Shuleni mlikuwa mnasomeanga kung'oa mihogo?"

Banda zima likacheka, na yule mama akaleta herufi moja akiwa anafuta machozi. Kisha Zablon akachukua uzi wa nailoni, ule wa kushonea magunia, akaupitisha nyuma ya nembo, akashika ncha mbili na kuanza kuusogeza kama anakata kitu kwa msumeno. Uzi ukaikata gundi ya miaka mingi taratibu. Nembo ikamdondokea kiganjani.

"Unaona? Haijui hata kama imetoka."

Uzi wa nailoni, wapendwa. Wekeni kila mara mfukoni. Na kama kuna klipu za plastiki nyuma, chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kiweke juu ya bidingi muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Plastiki iliyozeeka ikipata joto hulegea, ikiwa baridi huvunjika. Klipu iliyokwisha kabisa nilikuwa naichonga mpya kutoka kwenye mtungi mgumu wa plastiki wa lita ishirini. Kuna magari yanapita mjini Kakamega kwa madaha makubwa na nyuma ya mapambo yao ni mtungi uliokuwa wa kuchotea maji mtoni.

Jambo jingine ni katoni. Zablon alikuwa akichora gari kwenye ubavu wa katoni, na kila skrubu akiitoa anaichoma kwenye mchoro, pale pale ilipotoka. Mimi niliona huo ni utoto. Siku moja nikazitia zote kwenye mkebe mmoja. Zablon akachungulia mkebeni, akautikisa karibu na sikio.

"Sasa umepika githeri," akasema. "Keti chini uchague mahindi."

Nilichagua mahindi kutoka kwenye maharage siku mbili. Skrubu ndefu ikiingia mahali pa fupi inatokea upande wa pili wa bati kama kipele, na gari la watu limeharibika.

Sasa niwasimulie gari la Kukhu Respah, maana hilo ndilo lililonifanya fundi. Na kosa lilikuwa langu, mnisikie vizuri. Miaka mingi nimelisimulia nikilipunguza kidogo, lakini leo sina mwajiri wa kumwogopa.

Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Respah alikuwa kukhu wa kijiji kizima kule upande wa Isecheno, ambako msitu unapumua hadi kwenye mashamba ya watu. Mumewe, Javani, alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Alimwachia gari la rangi ya maziwa, la milango miwili, alilolinunua kutoka shamba moja la mzungu huko Mautuma wakati wazungu wale walipofunganya. Tangu Javani azikwe, kuku walikuwa wakitagia humo na mvua ikilila polepole. Kukhu hakuwahi kuketi ndani yake tena. Alikuwa amesema mbele ya kanisa na mbele ya ukoo: "Nitaingia siku litakapokuwa vile Javani aliliacha."

Basi mjukuu wake Finike akapata mchumba. Finike alilelewa na Kukhu tangu akinyonya, na alikuwa ameapa hataingia kanisani kuolewa bila kuingizwa na mkono wa Kukhu. Ukoo ukapendekeza kukodi gari zuri. Kukhu akakataa. Binti atapelekwa na gari la babu yake, na yeye Kukhu ataketi mbele kushoto, mahali pake pa siku zote, au atabaki nyumbani amenye viazi. Sasa mnaelewa uzito. Gari lisipokuwa vile Javani aliliacha, hakuna Kukhu. Bila Kukhu hakuna Finike. Na bwana harusi ataimba peke yake.

Injini ikapewa mafundi wa injini, na Zablon akanituma mimi kuvua mapambo kabla gari halijaenda kwa mpiga rangi. Kukhu alikubali gari litoke, lakini vyuma akakataa.

"Gari liende. Hivi vyuma vya Javani vibaki hapa, nikiamka nivione."

Tukaviweka kwenye ghala lake la mahindi, vimefungwa magunia.

Zablon alikuwa amenisisitizia jambo moja: kabla ya kung'oa bidingi, bandika tepu ya karatasi juu na chini yake, uifuate yenyewe ilivyo. Tepu inakulindia rangi na inakuonyesha ilikaa wapi. Upande wa kulia nilifanya hivyo, kazi safi kabisa. Nilipofika mlango wa kushoto tepu ikaisha. Duka lilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Nikajiambia, milango ya gari ni pacha, nitapima kutoka ule wa kulia. Nikang'oa, nikaitia guniani bila kuitazama. Chini yake nikakuta matundu saba ya klipu. Sita yalikuwa yamenyooka kwenye mstari, lakini lile la katikati lilikuwa limeshuka upana wa kidole. Nikacheka! Nikamdharau fundi wa kiwandani ambaye sikuwahi kumwona. Nikamwambia mpiga rangi alizibe tundu hilo, nami nikatoboa jingine lililonyooka, kwa rula, kama nilivyofundishwa hesabu. Zablon sikumwambia. Nilitaka alione mwenyewe ashangae.

Gari lilirudi Jumatano. Rangi ilikuwa kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa, hata kuku walilizunguka kwa heshima. Harusi ilikuwa Jumamosi. Alhamisi nikaja peke yangu kuanza kurudisha mapambo, na mvua ikanyesha ile ya kwetu ya mchana, ya kupiga mabati kama imetumwa. Nikajificha chini ya paa la jikoni. Ilipokatika, jua likachomoza na nikasikia vijiti vinapigwa. Ti-ti-ta. Ti-ti-ta.

Kama hukuzaliwa kwetu, nikueleze. Mvua ikinyesha kisha jua likatoka, kumbikumbi hutaka kuruka. Sisi twawaita tsiswa. Juu ya kichuguu unasimamisha fito zilizopinda kama upinde, unazifunika blanketi, unaacha kitundu kimoja chenye chungu chini yake, halafu unapiga vijiti. Wao husikia mlio wakadhani bado mvua, wanatoka kwa maelfu na kuanguka chunguni. Wakikaangwa na chumvi, ukaweka obusuma, ugali wetu, kando, hata mgeni wa heshima atasahau adabu.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Kukhu alikuwa amepiga magoti kwenye kichuguu chake, na wanawake watatu wa kwaya. Blanketi lilikuwa limetandazwa vizuri sana. Na fito zilizolibeba zilikuwa zinang'aa.

"Kukhu!" nikapiga kelele. "Hizo ni bidingi za gari!"

"Najua," akasema bila kuacha kupiga. "Shika kijiti."

"Harusi ni kesho kutwa!"

"Na tsiswa ni leo. Harusi inaweza kungoja, mwana wanje, mwanangu. Hawa hawangojangi mtu." Akanitazama, akaona nakaribia kulia. "Usiogope. Hicho chuma kinajua kazi."

Nilidhani ni mzaha wa uzee. Na sasa nitawaambia ukweli wote: nilichukua kijiti. Ungefanya nini? Walikuwa wanatoka kama moshi! Nilipiga ti-ti-ta na mwanamke mmoja wa kwaya akaimba sauti ya pili, tukajaza chungu, tukajaza sufuria, na mimi nikajaza mfuko wa shati.

Fundi Zablon akatukuta hivyo. Alisimama, mikono kiunoni, akatazama blanketi, akatazama bidingi, akanitazama mimi mwenye mabawa ya kumbikumbi kwenye nywele.

"Fomu Foo. Nilikutuma uvishe gari. Wewe umevisha kichuguu."

Tulipovua blanketi, bidingi tatu zilirudi zenyewe zikanyooka, kwa maana chuma kile kilikuwa kizuri, chenye mrudio. Ya nne, ya mlango wa kushoto, haikurudi. Ilibaki na kitambi katikati. Zablon akaipitisha kwenye vidole vyake vyembamba, akakunja uso.

"Hii imechoka hapa. Kama imewahi kupinda."

 Alikula sahani mbili za tsiswa akiwa amekasirika, kisha tukaanza kazi.

Sikilizeni namna ya kunyoosha bidingi, kwa maana hamtaipata kwenye simu. Usiigonge pale kwenye kitambi penyewe, utatengeneza mabonde mawili. Zablon alichonga kipande cha mpera kikaingia ndani ya mgongo wa bidingi barabara. Tukailaza uso chini kwenye blanketi lile lile lililokunjwa mara nne. Unaanza mbali, pembeni kabisa mwa kitambi, unagonga kidogo sana kwa nyundo ya mpira, kama unamwamsha mtoto mchanga ambaye hutaki aamke. Unasogea. Unainua, unaitazama kwa jicho moja kutoka mwisho wake kama mtu anayelenga bunduki. Unarudia. Tuligonga Ijumaa nzima. Jioni ilikuwa imenyooka, imenyooka kuliko barabara yoyote ya kaunti yetu. Nikaipaka majivu laini, nikaisugua na karatasi ya fedha ya sigara iliyolowa maji, ikang'aa hadi nikaona meno yangu.

Jumamosi asubuhi nikaivisha. Mafuta ya kujipaka kidogo kwenye kila nati, zisigande kutu. Unaanza klipu ya katikati, kisha unakwenda pembeni, kushoto moja, kulia moja, na hakuna nati inayokazwa hadi zote zimeshika. Mwisho unagonga bidingi kwa kifundo cha kidole kuanzia mbele hadi nyuma na kusikiliza. Ikilia kavu, imeshika. Ikitoa mlio wa kijiko kwenye kikombe, kuna klipu inayocheza, rudi chini. Zablon aligonga mwenyewe, ameinamisha kichwa kama daktari. Kavu, mwanzo mwisho. Akanitazama akatikisa kichwa kwa kukubali, mara ya kwanza tangu nimjue. Nikajisikia kuruka juu ya ghala.

Kukhu akatoka na kitambaa chake cheupe cha kanisa. Finike nyuma yake, ndani ya gauni lenye mkia mrefu ulioshikwa na shangazi wawili. Ukoo wote ukajipanga. Kukhu akalizunguka gari polepole. Akagusa bampa, akaguna. Akagusa kishikio, akaguna. Akafika mlango wa kushoto, akaweka mkono kwenye bidingi yangu iliyonyooka kama rula. Akapapasa katikati yake, akarudia. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana," akasema. "Hili si la Javani."

Shangazi mmoja akaachia mkia wa gauni. Finike akaanza kupumua kwa kelele.

"Kukhu," Zablon akasema kwa sauti ya upole ambayo sikujua anayo, "tuonyeshe. Kasoro iko wapi?"

"Ndiyo nawauliza ninyi! Kasoro iko wapi? Mmeipeleka wapi?"

 Akatushika mikono, mimi na Zablon, akaviweka vidole vyetu katikati ya mlango.

"Hapa kulikuwanga na kitumbo. Mwaka tulionunua hili gari, mvua ya kwanza, tsiswa wakatoka na Javani hakuwa na fito. Akang'oa chuma cha upande wangu. Ikapinda, ikakataa kunyooka. Niligombana naye siku tatu. Akaliziba tundu la zamani, akatoboa lingine chini, akaifunga na kitumbo chake, akaniambia, 'Sasa ukiketi hapa utajua ni upande wako.' Nimeshika hicho kitumbo miaka yote nikienda kanisani." Akanigeukia. "Na wewe nilikuambia hicho chuma kinajua kazi. Ulidhani nilikuwa naongea na kichuguu?"

Tundu. Tundu lile la katikati, lililoshuka upana wa kidole!  Sikuwa na njia ila kusema.

"Fundi," nikasema, "lile tundu nilikuta. Nililiziba."

Zablon hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alikwenda kwenye sanduku lake, akarudi na drili ya mkono, akanikabidhi.

"Wewe uliziba. Wewe utatoboa."

Kutoboa rangi mpya, vijana, asubuhi ya harusi, mbele ya bibi harusi na shangazi kumi na mmoja! Nilivua bidingi. Nilibandika tepu, safari hii nilikuwa nayo ya kutosha. Kwa kidole nikapapasa ndani ya mlango hadi nikahisi kivimbe cha tundu la Javani, nikatoboa hapo hapo. Ukingo wa tundu ukabaki bati tupu, ambalo kutu ingelipenda sana, na rangi ya maziwa ilikuwa mjini kwa mpiga rangi. Finike akainua gauni lake, akaingiza mkono kwenye mkoba wa shangazi, akanipa kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu. Nikapaka. Hadi leo, nyuma ya bidingi ile kuna duara dogo jekundu ambalo ni ukoo ule na sisi mafundi wawili tu tunalijua, na sasa ninyi.

Kisha ikabidi tukipinde tena kile tulichokinyoosha kutwa nzima. Zablon akaiweka bidingi kwenye goti lake nene. Akamtazama Kukhu.

"Hivi?"

"Kidogo tena."

"Hivi?"

"Javani hakuwa na kitambi kama chako. Rudisha."

Ukoo ukaangua kicheko, na Zablon mwenyewe akacheka hadi bidingi ikamtetemekea gotini. "Hapo," akasema Kukhu hatimaye. "Hapo, wacha hapo."

Nikaifunga. Klipu ya katikati chini kidogo, pembeni, pembeni, nati zote, na tundu langu la rula likafichwa na upana wa chuma. Ilikaa pale kama imezaliwa pale. Kukhu akafungua mlango mwenyewe, akaingia, akaketi, akavuta kitambaa chake vizuri. Finike akaingizwa nyuma na mkia wake wote. Zablon akavaa tai iliyokuwa mfukoni akashika usukani, nami nikabanwa kona ya nyuma, kisanduku cha vifaa mapajani na gauni hadi masikioni.

Tangu siku ile, popote begi langu liliponipeleka, sikung'oa kitu chochote kabla ya kumuuliza mwenye gari: hapa palipopinda, pamepindwa na nani? Wengi hawajui. Lakini wachache huanza kucheka kabla hata hawajajibu, na hapo ndipo ninapoweka bisibisi chini na kutafuta tepu.

Tulipofika barabara kubwa, Kukhu akashusha kioo. Akatoa mkono nje, ukaangukia pale pale kwenye kitumbo bila kutafuta. Vidole vyake vikaanza kugonga chuma. Ti-ti-ta. Ti-ti-ta. Finike akajiunga nyuma akigonga kiti. Zablon akapunguza mwendo, akainamisha kichwa upande ule ule kama daktari, akasikiliza mstari mzima.

"Fomu Foo," akasema, macho yake barabarani. "Hakuna klipu inayocheza."